Kutafuta ukoo wako mtandaoni ukiwa mtu wa Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudiwa kila siku na watu wa hapa Mombasa, na wale walioko Nairobi, Uingereza au Uarabuni lakini wazee wao walizikwa hapa. Kama ndo unaanza soma kutoka juu, kama ushaanza ruka moja kwa moja kwenye swali lako. Lakini kitu kimoja ukishike tangu sasa maana kitarudi kila mahali: ukikwama, usiulize "rekodi za babu ziko wapi", uliza nani alikuwa na sababu ya kumwandika babu. Hakuna aliyekuwa akiandika watu kwa kupenda tu. Serikali iliandika kwa sababu ya kodi, ardhi na vita, kanisa likaandika waliobatizwa, kadhi akaandika waliooana na waliorithiana. Ukijua nani alimwandika, utajua pa kwenda.

## Kuanza

Nataka kujua ukoo wangu, naanza na Google?

Hapana, anza nyumbani. Chukua karatasi ujiandike wewe, babako na mamako, halafu babu na nyanya wa pande zote mbili, na wazazi wao kama wawajua. Andika jina kamili, mtaa, na mwaka hata wa kukisia. Kwa watu wengi karatasi inakwama kwa mababa wa babu, na upande wa akina mama inakwama mapema zaidi. Pale ilipokwama ndo pa kuanzia.

Kisha omba uonyeshwe makaratasi. Kila nyumba ina bahasha au sanduku la bati lenye vitu vya zamani: hati ya nyumba, cheti cha ndoa, paspoti iliyokufa, risiti, barua, msahafu au Biblia iliyoandikwa tarehe za watoto kwenye ukurasa wa kwanza. Piga picha kila kitu, mbele na nyuma. Nyuma ya picha za zamani mara nyingi kuna muhuri wa studio na mji, na huo muhuri peke yake waweza kukwambia kuwa babu alikuwa Tanga au Zanzibar kabla hajaja hapa.

Mbona nikiandika jina la babu kwenye intaneti sipati chochote?

Sababu ni tatu na kawaida zote zinakuwa pamoja. Kwanza, kuandikisha vizazi na vifo kulianza na Wazungu na Wahindi miaka ya mwanzo ya 1900, lakini kwa Waafrika sheria ya lazima ilienezwa polepole wilaya baada ya wilaya, kuanzia 1963 mpaka 1971 ndo ikafika nchi nzima. Kwa hivyo nyanya aliyezaliwa Likoni 1930 si kwamba cheti chake kimepotea, uwezekano mkubwa ni kwamba hakikuwahi kuweko. Pili, rekodi nyingi zipo lakini hazijaskaniwa, ziko kwenye mafaili. Tatu ni jina lenyewe, angalia swali la majina hapo chini.

Usivunjike moyo. Intaneti kwa watu wa Pwani kazi yake kubwa ni kukuonyesha faili liko jengo gani, na mara chache inakupa faili lenyewe.

Nawahoji vipi wazee?

Usiende na fomu. Nenda kama mjukuu, toa shikamoo, kaa, unywe hiyo kahawa, halafu uliza kuhusu mtaa na watu, usiulize tarehe. Mzee ukimwuliza "ulizaliwa lini" atakwambia hajui na mazungumzo yameisha, lakini ukimwuliza kama alikuwa ashaolewa wakati wa mgomo mkubwa wa Mombasa wa 1947, au mafuriko ya 1961, au Uhuru, au daraja jipya la Nyali lilipofunguliwa 1980, atakujibu bila kufikiri.

Kwa familia za Kiislamu kuna swali moja lenye faida kuliko yote: nani alikuwa walii wa ndoa yako? Walii huwa ni baba, asipokuweko ni babu mzaa baba, au ndugu wa kiume, au ami. Kwa hivyo bi mkubwa akikwambia "niliozeshwa na ami yangu" ushajua babake alikuwa ashafariki au yuko mbali, ushapata jina la ndugu wa babake, na hilo jina laweza kuwa limeandikwa kwenye karatasi ya kadhi. Swali la pili lenye faida ni nani alirithi nyumba, na nani alilalamika.

Rekodi kwa simu, lakini omba ruhusa kwanza, na mwanzo wa rekodi useme kwa sauti tarehe, mahali na jina la anayezungumza. Tuma nakala kwa ndugu mwingine siku ileile, simu huibiwa. Na usihoji ndugu wawili pamoja mara ya kwanza, mkubwa atazungumza na mdogo atanyamaza, na huyo mdogo ndo mara nyingi anajua mambo ya mama.

Nitumie websaiti gani, na lazima nilipe?

Kwa kuchora mti wa ukoo anza na FamilySearch, ni bure, inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho na huhitaji kuwa muumini wao. Ujue tu kwamba ule mti ni wa watu wote, mtu yeyote anaweza kumbadilisha marehemu wako, walio hai ndo wamefichwa. Kwa hivyo weka nakala yako pembeni.

Ancestry, MyHeritage na Findmypast ni za kulipia. Kwa maoni yangu usilipe mpaka ujue unatafuta nini, kwa sababu rekodi zao nyingi ni za Ulaya na Marekani. Zinafaa sana kama mzee wako alisafiri kwa meli kwenda Uingereza, au kama ukoo wako una Mzungu au Mgoa. Ukitaka kulipa, lipia mwezi mmoja, tafuta kila kitu, daunlodi, halafu ukanseli.

## Majina na tarehe

Jina la babu limeandikwa kila mahali tofauti, nifanyeje?

Hilo ni la kila mtu. Karani Mwingereza au Mgoa alikuwa anaandika alivyosikia. Athman ni Uthman ni Othman ni Asmani, Khamis ni Hamisi, Mohamed ina namna zaidi ya kumi. Andika orodha ya kila namna unayoweza kufikiria na utafute zote moja moja. Websaiti nyingi zinakubali nyota badala ya herufi, kwa hivyo *Moh\*med* itakuletea nyingi kwa mpigo. Tafuta pia kwa mahali peke yake bila jina, kwa mfano Kisauni na mwaka, halafu usome yote kwa macho.

Kwenye fomu wanataka jina la ukoo lakini sisi tuna majina matatu tu?

Kwa wengi wetu jina la kwanza ni lako, la pili la babako, la tatu la babuyo, kwa hivyo "jina la ukoo" linabadilika kila kizazi. Tuseme unatafuta Salim bin Athman bin Khamis, basi mtafute kwenye S, kwenye A na kwenye K. Jina la kabila au nisba, kama Mazrui au la Kihadhrami linaloanza na Ba-, huwa linaandikwa leo na kuachwa kesho.

Kwa Mijikenda jambo ni lingine, jina la babu hurudi kwa mjukuu, kwa hivyo utakuta watu wawili wenye majina yaleyale wamepishana vizazi viwili. Usiwaunganishe kuwa mtu mmoja kabla hujaangalia miaka. Na uliza mbari, yaani ukoo wake, maana mbari ndo inatenganisha akina Kazungu Charo wawili wa kijiji kimoja. Kwa Wadigo uliza pia upande wa mama, zamani ukoo na urithi ulikuwa unafuata huko.

Kwa Waswahili wa Mvita uliza taifa, yaani kundi la koo analotoka. Miji Kumi na Miwili, ndo jina la mataifa hayo yote pamoja, imegawanyika Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa Taifa ambao ndani yao wamo Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa na wengineo. Mzee akijua taifa lake hata kama hajui babu wa nne, ushapunguza kazi nusu.

Kaburi au hati ina mwaka wa Kiislamu, nitageuzaje?

Mwaka wa Hijra ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hivyo huwezi kuongeza 622 tu. Zidisha mwaka wa Hijra kwa 0.97 halafu ongeza 622, utapata mwaka wa karibu. Mfano 1321 inakupa 1903. Ukiwa na siku na mwezi tumia kikokotoo cha mtandaoni, lakini acha nafasi ya siku moja mbili kwa sababu ya kuandama kwa mwezi. Hati ya zamani isiyosema ni mwaka wa kalenda gani, ukiona namba kama 1290 au 1315 hiyo ni Hijra.

## Rekodi zenyewe

Kwa nini kila mtu ananiambia niangalie Zanzibar?

Kwa sababu ukanda wa maili kumi wa Pwani ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar. Waingereza waliusimamia kuanzia 1895 kwa makubaliano naye, na kisheria ulibaki wake mpaka Desemba 1963. Wafanyabiashara, makadhi na familia walikuwa wanavuka huku na huku kama mtaa mmoja. Kwa hivyo makaratasi yamegawanyika: Nyaraka za Taifa Nairobi pale Moi Avenue, ofisi za hapa Mombasa, Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, na Kew huko London, yaani Nyaraka za Taifa za Uingereza. Katalogi ya Kew inaitwa Discovery, ni bure kutafuta. Mafaili ya Kenya ya wakati wa ukoloni tafuta fungu lenye namba CO 533, ya utumwa na ubalozi wa Zanzibar anza na FO 84. Katalogi inakupa kichwa cha faili, kusoma lenyewe mara nyingi lazima ulipie nakala au uende.

Kuna kitu chochote cha bure ninachoweza kusoma leo usiku kwa simu?

Kipo, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote: Gazeti Rasmi la Serikali (Kenya Gazette). Linaanzia 1899, na matoleo mengi yameskaniwa, yako Google Books na kwenye websaiti ya Kenya Law. Watu wanadhani ni la uteuzi wa mawaziri tu, lakini angalia kurasa za nyuma kwenye matangazo ya mirathi.

Tangazo moja la mirathi ni mistari sita saba hivi, ya Kiingereza cha mahakama. Lina jina la mahakama na namba ya kesi. Lina jina la aliyeomba kusimamia mali, sanduku lake la posta Mombasa, na uhusiano wake na marehemu: mjane, mtoto wa kiume, ndugu. Lina jina la marehemu, alikokuwa akikaa, mahali alipofia na tarehe. Halafu linasema mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku kadhaa. Ukihesabu, hapo umepata tarehe ya kifo, mahali, mrithi mmoja, na namba ya faili ambalo ndani yake huwa mna orodha ya warithi wote. Gazeti hilohilo lina pia waliobadilisha majina na waliopoteza hati za ardhi.

Tafuta jina kwenye alama za kufunga na kufungua, pamoja na neno Mombasa, na ujaribu kila namna ya kuandika kama tulivyosema kwenye swali la majina. Kompyuta husoma vibaya chapa za zamani, kwa hivyo ukikosa usidhani hamna.

Ukoo wetu ulikuwa na shamba au nyumba, hiyo inasaidia?

Inasaidia sana. Mwaka 1908 ilitoka sheria ya hati za ardhi ya Pwani iliyotaka kila mwenye ardhi alete madai yake yaandikwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali ya Uingereza. Machungu ya uskwota tunayoyaona mpaka leo mengine yameanzia hapo, wengi hawakujua au hawakuweza kudai. Lakini waliodai waliandikwa: nani anadai, amepata vipi, karithi kwa nani au kanunua kwa nani, na kapakana na nani. Majirani wa shamba mara nyingi ni ndugu. Tafuta namba ya ploti kwenye hati ya nyumbani halafu uende nayo ofisi ya ardhi Mombasa, bila namba utazungushwa.

Babu mzaa babu alikuja na reli kutoka India, naanzia wapi?

Kwanza hakikisha kweli alikuja na reli. Vibarua kama 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli iliyoanza hapa Mombasa 1896 ikafika ziwani 1901. Kama 2,500 walikufa, wengi wakarudi kwao, na waliobaki ni kama 6,700. Wengi wao walikuwa Wapunjabi. Ukoo wako ukiwa wa Kikachi, Kibohora au Kimemoni, uwezekano mkubwa alikuja kwa biashara na pesa zake, na baadhi walikuwa hapa zamani kabla ya reli. Kwa hao daftari za jumuiya na misikiti yao zinafaa kuliko faili lolote la reli. Wagoa wao wana bahati, vitabu vya ubatizo vya Goa vingi vimepigwa picha na viko FamilySearch.

Wazee wangu ni wa Frere Town au Rabai.

Basi aliyewaandika ni kanisa. Misheni ya Rabai ilianza 1846 na Frere Town ikaanzishwa 1875 kwa ajili ya walioachiliwa kutoka utumwani, pamoja na wale walioitwa Waafrika wa Bombay waliosomeshwa Nasik huko India. Anza na vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi kwenye makanisa yenyewe, nenda na heshima, zungumza na kasisi. Barua na ripoti za wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, misheni ya Kianglikana) ziko Chuo Kikuu cha Birmingham. Zimewekwa mtandaoni lakini kwa malipo, kwa hivyo uliza mwanafunzi au mhadhiri kama maktaba ya chuo chake imelipia. Kuhusu majina ya hao watu soma pia swali la utumwa hapo chini.

Babu alipigana vita vya Wazungu.

Kama alifariki vitani, tafuta kwenye databesi ya CWGC, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ni bure. Lakini mwaka 2021 CWGC wenyewe walitoa ripoti wakakiri kwamba askari na wapagazi wengi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza hawakuandikwa majina kama walivyoandikwa Wazungu. Zile sanamu za askari pale Jomo Kenyatta Avenue zimesimama kwa ajili ya watu ambao majina yao hayakuchongwa. Kwa hivyo ukikosa jina haimaanishi nyanya alikudanganya. Aliyerudi hai mtafute kupitia kipande (kitambulisho cha wakati wa ukoloni), barua za kikosi, au medali, ambazo za Vita vya Kwanza mara nyingi zimechongwa namba na jina pembeni.

Alikwenda Uingereza kwa meli.

Orodha za abiria walioingia Uingereza kutoka nje ya Ulaya zinaanzia 1878 mpaka 1960, zilizotoka 1890 mpaka 1960. Ziko Ancestry na Findmypast. Utapata umri, kazi na anwani alikokuwa anafikia. Majahazi ya kwenda Uarabuni na India hayamo humo.

Tuna karatasi za zamani kwa herufi za Kiarabu, hakuna anayeweza kuzisoma.

Inawezekana ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, si Kiarabu, kwa hivyo mpe mtu anayejua vyote viwili. Piga picha mchana karibu na dirisha, bila flashi, usipige laminesheni wala kubandika selotepu. Ili uzoee mwandiko angalia hati za Kiswahili walizoskani SOAS, chuo cha London, na za Msikiti wa Riyadha wa Lamu zilizoskaniwa kupitia mradi wa Maktaba ya Uingereza. Hapa mjini waulize watu wa Fort Jesus.

Na sensa?

Sensa ya kwanza ya watu wote Kenya ilikuwa 1948. Kilichochapishwa ni hesabu, si majina, kwa hivyo usipoteze bando.

## Mambo mazito

Nimesikia minong'ono kwamba upande mmoja walikuwa watumwa, nitafutaje bila kuumiza watu?

Pole pole, na peke yako kwanza. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar 1897 na Pwani ya Kenya 1907, kwa hivyo kuna wazee walio hai waliolelewa na watu waliozaliwa ndani yake. Si historia ya mbali. Dalili kwenye karatasi ni mtu kuandikwa kwa jina moja bila la baba, au kwa jina la bwana wake, au kupewa jina la Kikristo lote jipya misheni. Mafaili ya mahakama na ya ubalozi yana majina ya walioachiliwa na waliowamiliki.

Ukipata, usikimbilie kuweka kwenye grupu la familia. Ongea kwanza na mkubwa wa nyumba. Mimi naamini majina hayo yanastahili kuandikwa kwa ukamilifu wake, kwa sababu hao watu walinyimwa majina mara moja na sisi tukiyaficha tunawanyima tena, lakini namna ya kusema na wakati wa kusema uwaachie wenye nyumba waamue pamoja nawe.

Nifanye DNA?

Inafaa kutafuta ndugu waliopotea, hasa kama una jamaa Uingereza, Kanada au Oman ambao nao wamepima. Ile asilimia ya "wewe ni wa wapi" ichukue kwa uangalifu, sampuli za Afrika Mashariki walizo nazo kampuni ni chache. Utafiti mkubwa wa mifupa ya zamani uliochapishwa 2023, uliohusisha makaburi ya Mtwapa, Manda na Faza, ulionyesha wazee wa miji ya Pwani walichanganya damu ya Kiafrika, zaidi upande wa mama, na ya Kiajemi, zaidi upande wa baba, kuanzia kama mwaka 1000. Kwa hivyo ukiona mchanganyiko usishtuke.

Fikiria pia usiri. Wadukuzi waliiba taarifa za watu wengi kutoka 23andMe, kampuni ya kupima DNA, mwaka 2023, na 2025 kampuni ikafilisika. Na DNA yako ni ya ndugu zako pia, inaweza kumfichua baba wa mtu ambaye hakuomba kufichuliwa. Kama hamko tayari kwa hilo jibu, msipime.

Kuna shajara ya masharifu, yaani orodha ya nasaba yao, inasema tumetoka kwa Mtume, niiweke kwenye mti?

Iweke kama ilivyo, ukitaja nani aliinakili na lini, na uitenganishe na vizazi ambavyo una karatasi zake. Usiirefushe wala usiikate.

Naruhusiwa kuweka majina ya watu walio hai?

Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na hata bila sheria ni adabu. Walio hai wabaki kwenye nakala yako ya siri. Tarehe ya kuzaliwa pamoja na jina la ukoo wa mama ndo vitu matapeli wanavitafuta. Picha ya kitambulisho usiiweke popote.

Ndugu wanadhani natafuta mambo ya urithi, wamenifungia mlango.

Pwani kila anayeuliza majina ya mababu anadhaniwa anataka shamba, na wana haki ya kuogopa. Waambie mapema unatafuta nini, waonyeshe ulichopata kabla hujaomba zaidi, na wape nakala. Kama kweli kuna kesi ya ardhi inaendelea, simamisha upande huo mpaka iishe, endelea na upande wa mama.

Kuna mtu anasema nimtumie pesa atanitafutia faili Nairobi au Zanzibar.

Wapo watafiti wazuri wanaofanya hiyo kazi. Mwulize kwanza namba ya faili anayotaka kufungua, akikupa, itafute wewe mwenyewe kwenye katalogi. Lipa kidogo kidogo, na mwambie kila picha iwe na namba ya faili inayoonekana. Asiyeweza kukutajia namba usimtumie kitu.